UZI: Gego la miaka sita, dawa ya meno yenye floraidi na huduma ya meno kwa watoto wa visiwani Lamu

#1 · MenoAmu
Assalam alaykum jamaa. Maswali ya meno ya watoto yanaulizwa kila siku kwenye makundi ya WhatsApp, na jibu likishapita juu halionekani tena. Basi tuyaweke hapa. Kazi yangu ni afya ya kinywa, ngazi ya COHO, yaani afisa wa afya ya kinywa wa jamii. Wauguzi, walimu na watu wa maduka ya dawa nimewaita waje wajaze palipo na upungufu.

Naanza na jino moja, maana hilo ndilo la kudumu linalowahi kuoza kwa watoto kuliko mengine yote. Mtoto akikaribia miaka 6 huota magego manne nyuma kabisa ya magego ya utotoni, moja kila pembe ya kinywa. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, kwa hiyo mzazi hashtuki. Likija kuonekana lina tundu, anasema ni la utotoni, litang'oka lenyewe. Hili haling'oki lenyewe, na likitolewa hakuna jingine linalokuja mahali pake. Njia ya kulitambua: meno ya utotoni ni 20, yaani matano kila nusu ya taya. Anza kuhesabu kutoka katikati ya mbele kwenda nyuma. La sita ndilo hilo.

Huwahi kuoza kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, hupanda polepole. Kwa miezi mingi linakuwa chini ya usawa wa jirani yake, na mswaki unaotoka mbele kwenda nyuma hupita juu yake bila kuligusa. Pili, uso wake una mifereji ya kina ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele wa mswaki. Kwa hiyo gego hili lisuguliwe peke yake: mswaki uingie kutoka kona ya mdomo, kichwa chake kikae mkingamo juu ya jino, usugue mara kumi au kumi na tano, kisha uende pembe nyingine. Ni mzazi anayefanya hivyo. Mtoto chini ya miaka 7 au 8 mkono wake haujaweza, hata kama anajivunia kupiga mswaki mwenyewe. Mwache apige, kisha malizia.

Kuangalia kinywa cha mtoto mdogo kunataka watu wazima wawili. Kaeni mkitazamana, magoti yagusane. Mtoto akae mapajani pa mama akimtazama yeye, miguu yake ikizunguka kiuno cha mama, kisha alazwe chali mpaka kichwa kiwe mapajani pa yule mwingine. Mama anashika mikono. Mwenye kichwa anainua mdomo wa juu kwa kidole na kutazama pale jino linapokutana na ufizi, kwa mwanga wa dirisha au tochi ya simu. Unatafuta mstari mweupe usiong'aa, kama chokaa. Huo ndio mwanzo wa kuoza, na hapo bado jino linaweza kurudi sawa kwa floraidi, madini yanayoimarisha jino. Ukishaona rangi ya kahawia na shimo, muda huo umepita.

#2 · MamaWiyoni
Shukran. Sasa dukani kuna jeli za watoto zenye picha za katuni, kuna za mkaa, kuna za mitishamba. Nisome nini kwenye boksi?

#3 · Langoni_Dawa
Geuza boksi usome maandishi madogo, dadangu. Picha ya mbele haisemi kitu.

Unatafuta namba yenye herufi ppm, ndicho kipimo cha floraidi. Inayofaa ni kuanzia 1000 hadi 1500, kwa mtoto na kwa mkubwa vilevile. Nyingine hazitaji ppm, zinataja asilimia ya kemikali: sodiamu floraidi 0.22% ni kama 1000 ppm na 0.32% ni kama 1450, monofluorofosfeti 0.76% ni kama 1000. Jeli nyingi za watoto zina 500 tu au hazina kabisa, na hizo kuoza hazikuzuii vya kutosha. Zile za mkaa na mitishamba nyingi hazina floraidi, na mkaa juu yake husugua gamba la jino. Kuzidi 1500 si kwa mtoto bila agizo la daktari.

Kinachobadilika kwa umri ni kipimo. Tangu jino la kwanza mpaka miaka 3, punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya mbaazi. Ule mstari mrefu unaojaza mswaki wote ni wa matangazo ya biashara, hauna kazi nyingine. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo isiyoachwa, kwa sababu mtoto akilala mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi.

Akimaliza ateme, asisukutue. Hapa ndipo watu hupoteza pesa: wananunua dawa nzuri, wanasugua dakika mbili, kisha wanaiosha yote kwa kikombe cha maji. Povu likibaki kidogo liacheni.

Wanaouliza kama gliserini iliyomo ni ya mnyama asiye halali, wasome kama imeandikwa ya mimea. Ziko za namna hiyo madukani. Na tyubu iliyokuwa ikianikwa juani kwenye dirisha la duka, ikiwa imejitenga maji na uji, msiinunue.

#4 · UstadhiMkomani
Na msuaki wa mti je? Sunna hiyo hatuiachi.

#5 · MenoAmu
Wala usiuache, ustadhi. Msuaki wa mti ukitumiwa vizuri unaondoa utando wa vijidudu unaoshika kwenye jino. Ukate kipande kipya, menya gamba kiasi cha sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zilainike, na kila siku ukate ncha iliyotumika. Ncha ya jana iliyokauka inachuna fizi.

Upungufu wake ni wa mahali: unafika vizuri meno ya mbele upande wa nje, lakini upande wa ndani na gego la miaka sita haufiki. Na floraidi yake haitoshi. Basi kwa mtoto msuaki uwe wa mchana, nyakati za swala, na mswaki wa dawa uwe wa usiku na asubuhi. Ramadhani kwa wanaofunga, mswaki upigwe baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na tena kabla ya kulala. Kwa mtoto anayejifunza kufunga, daku ndiyo yenye hatari zaidi: tende, chai ya sukari, kisha kitandani moja kwa moja.

#6 · Mwl_Kizingitini
Nauliza na kueleza kwa pamoja. Shule nyingi zinataka mpango wa mswaki wa asubuhi ila zinashindwa kwa hesabu. Hesabu yenyewe ni hii.

Punje ya mbaazi ni gramu 0.25 hivi. Wanafunzi 240 wanatumia gramu 60 kwa siku, gramu 300 kwa wiki ya siku tano. Muhula wa wiki 13 ni gramu 3,900. Kwa tyubu za gramu 140, hizo ni tyubu 28. Ongeza tatu za kumwagika na kuibiwa, ziwe 31. Miswaki 240 ya nywele laini, mmoja kwa mtoto kwa muhula, na kama 20 ya akiba. Maji ni ya kuoshea mswaki tu maana hawasukutui: kiasi cha mililita 50 kwa mtoto, jumla lita 12. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa kazi hii, maji matamu ya jabia, birika la maji ya mvua, yasiharibiwe hapo.

Tyubu isiguse mswaki wa mtoto yeyote. Mwalimu anakamua vidonge vidonge kwenye kifuniko kikavu cha ndoo, kila mtoto anaokota chake kwa mswaki. Wanatema kwenye mtaro mfupi wa mchanga, unafukiwa mwisho wa wiki.

Kinachoua mpango si pesa, ni uhifadhi wa miswaki. Ikiwekwa yote kwenye kikopo kimoja nywele zinagusana, zinakaa maji, zinaota ukungu, na mzazi mmoja akiona ameshasema shule inaambukiza watoto. Chukua ubao, toboa matundu yenye nafasi ya sentimita 5 kati yao, mswaki uning'inie kichwa juu, jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye mpini. Ubao ukae penye hewa, mbali na choo.

Swali langu: tufanye kabla ya masomo au baada ya uji wa saa nne?

#7 · MenoAmu
Baada ya uji, mwalimu. Ila ikiwa saa nne kuna vurugu na watoto 240 hawasimamiki, fanyeni wakati wowote mnaoweza kuusimamia kila siku. Mazoea ya kila siku yana faida kuliko saa kamili inayofanyika mara mbili kwa wiki.

Na kabla hamjanunua tyubu, angalieni langoni pa shule kunauzwa nini. Mnyororo wa siku ya mtoto wa Amu, yaani mji wa Lamu, ni huu: chai ya sukari na mahamri asubuhi, mabuyu saa nne, achari ya embe mchana, juisi ya ukwaju, kashata akitoka chuoni (madrasa), chai tena magharibi. Kila sukari inapoingia kinywani, vijidudu vya utando hutoa asidi, na kinywa hukaa katika hali ya asidi kwa nusu saa au zaidi kabla mate hayajairudisha. Mara sita ni saa tatu na zaidi za jino kuliwa. Sukari ileile ikiliwa mara mbili pamoja na chakula, muda huo unapungua sana. Kwa hiyo hesabuni mara ngapi, kabla ya kuhesabu vijiko.

Mabuyu nayataja kwa makusudi. Mtoto anayafyonza moja moja kutoka kwenye mfuko kwa saa nzima, sukari imeganda juu, na unga wa ubuyu wenyewe ni mchachu. Ni mabaya kwa jino kuliko kipande cha halwa kinacholiwa mara moja na kumezwa, japo halwa ndiyo inayolaumiwa na kila mtu. Soda ya mililita 300 nayo ina sukari karibu gramu 30, vijiko vya chai saba au vinane, ila ubaya wake mkubwa ni kunywewa funda moja moja tangu adhuhuri hadi alasiri.

Mwenye kuuza langoni si adui. Njugu za kukaanga, vipande vya nazi, mayai na maji baridi navyo vinauzika.

#8 · MuuguziMokowe
Upande wa kliniki ya watoto wachanga. Mama analeta mtoto miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela, na vitamini A ni kila baada ya miezi 6 tangu miezi 6 mpaka mtoto akaribie miaka 5. Hakuna haja ya kumwitia siku nyingine ya meno. Anayemdondoshea mtoto tone la vitamini A keshamfungua kinywa. Ainue mdomo wa juu atazame. Wiki za Malezi Bora, za huduma ya mama na mtoto, mwezi wa Mei na wa Novemba, zinaangukia miezi sita sita vilevile, na vanishi ya floraidi, dawa ya kupaka juu ya jino, inatakiwa kupakwa kwa mwendo huohuo. Penye vanishi, ni suala la kuwa na kopo mezani siku hiyo.

Yanayotuletea watoto wa miaka miwili wenye meno manne ya mbele yaliyoliwa mpaka kwenye fizi ni chupa ya usiku: uji wa sukari, maziwa yenye sukari, juisi. Chupa ya kulalia iwe ya maji. Mama asiyeweza kukata kwa mara moja azimue kidogo kidogo, kila usiku maji yaongezeke, ndani ya wiki mbili chupa itakuwa ya maji matupu. Kunyonyesha hatukatazi, miaka miwili ni haki ya mtoto. Jino likishaota, mpigie mswaki kabla ya kulala, na asipewe cha sukari kati ya hapo na asubuhi. Dawa za kikohozi za maji nazo zina sukari: mpe kwanza, mswaki baadaye.

La pili. Kuota meno hakuleti homa kali wala kuhara. Mtoto wa miezi mitano mwenye homa na kuhara ana ugonjwa, apimwe. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi wanaouita meno ya plastiki ni jino changa lililo mahali pake. Anayelichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli anatoa chipukizi la jino na kuharibu la kudumu lililo chini yake, na watoto hufa kwa kuvuja damu na pepopunda kwa jambo hilo.

La tatu, maumivu ya usiku wakati mashua ni asubuhi. Parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5: kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo mwenye kilo 12 anapata mililita 7.5, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini kwa mtoto hapana, na kidonge kisiwekwe juu ya fizi, kinaichoma. Mafuta ya karafuu yasimiminwe kinywani mwa mtoto mdogo.

Shavu likivimba kuelekea jicho, au uvimbe ukishuka chini ya taya, au mtoto akishindwa kufungua mdomo au kumeza mate, usingoje asubuhi. Huo ni usaha unaosambaa na unaweza kuziba njia ya hewa.

#9 · BintiShela
Kwa nini wengine wanapewa antibayotiki tu na kurudishwa nyumbani?

#10 · MuuguziMokowe
Kwa sababu hakuna wa kung'oa siku hiyo, dadangu. Uvimbe hutulia kwa siku kadhaa, mzazi anadhani amepona, kisha unarudi. Chanzo kiko ndani ya jino, na dawa ya damu haifiki mahali palipokufa. Ukipewa antibayotiki uliza hapohapo tarehe ya kutibiwa jino lenyewe.

#11 · MenoAmu
Sasa nifike kwenye yale yanayoweza kufanyika kijijini bila kiti, bila umeme na bila mashine ya kukereza. Hapa nitakaa kidogo.

Vanishi ya floraidi 5%. Unafuta meno kwa pamba yakauke, unapaka tabaka jembamba. Mtoto mwenye meno ya utotoni pekee mililita 0.25 zinamtosha. Asile kigumu wala kunywa cha moto kwa saa nne, na usiku huo asipigwe mswaki. Meno huonekana ya manjano siku hiyo, waambie wazazi mapema. Asipakwe mwenye vidonda kinywani wala mwenye mzio wa utomvu wa msonobari.

SDF, dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi, nguvu ya 38%. Hii inasimamisha tundu ambalo tayari lipo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya kuzibia meno iitwayo glasi ayonoma. Hatua zake: paka vaselini midomoni na kwenye fizi, toa mabaki ya chakula tunduni, zungushia pamba, kausha, gusa tundu kwa kijiburashi chenye dawa, sugua dakika moja, acha dakika moja hadi tatu, kisha nyonya ziada kwa pamba. Tone moja kwa kila kilo 10 za mtoto kwa siku ndiyo mwisho, na tone moja linatosha meno matano hivi. Rudia baada ya miezi sita. Isitumike kwa mwenye mzio wa madini ya fedha, wala kwa jino ambalo mshipa umeshaguswa: linalomwamsha mtoto usiku, lenye kipele cha usaha kwenye fizi, au linalotikisika kabla ya wakati wake.

Kuziba kwa mkono, njia iitwayo ART. Ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Unakwangua sehemu laini kwa kijiko cha meno, hasa kingo za tundu mpaka ziwe ngumu na safi. Katikati chini unaweza kuacha laini kidogo kuliko kufukua mpaka kwenye mshipa. Pangusa kwa kimiminika cha kuandalia jino sekunde 10, osha kwa pamba mbichi, kausha kwa pamba. Changanya unga wa saruji ya glasi ayonoma kijiko kimoja na tone moja la kimiminika chake ndani ya nusu dakika, jaza likiwa bado linang'aa, bana kwa kidole chenye vaselini, toa ziada, paka vaselini tena. Saa moja asile.

Yanayoharibika: mchanganyiko ukishapoteza mng'ao haushiki tena, utatoka ndani ya wiki. Joto letu linaufanya ugande haraka, kwa hiyo kioo cha kuchanganyia kikae kwenye sanduku la barafu, lakini kikitoa jasho kifutwe, maana tone la maji linavuruga kipimo. Unga uliovuta unyevu kwa kopo kuachwa wazi ni wa kutupa. Mate yakiingia kabla hujajaza, kausha upya, usipuuze. Na tundu linalokula pande mbili za jino halidumu kama la uso mmoja. Mzazi aambiwe mapema.

Saruji hiyohiyo ukiibana kwenye mifereji ya gego la miaka sita kabla halijatoboka, inaziba njia. Kwa pesa kidogo sijui kazi yenye faida kuliko hiyo.

#12 · BintiShela
Hiyo SDF ndiyo inayofanya jino liwe jeusi? Kina mama hapa hawaitaki. Mtoto wa kike ana meno meusi mbele, shuleni atachekwa.

#13 · MenoAmu
Ndiyo, tundu linakuwa jeusi na halifutiki. Sehemu nzima ya jino haibadiliki, ni pale palipooza tu. Ikigusa ngozi inaacha doa la kahawia linaloondoka lenyewe kwa wiki mbili hivi; kwenye nguo haliondoki, kwa hiyo mfunike mtoto kanga kuukuu.

Aliyepaka bila kumwonyesha mzazi picha ya jino lililopakwa amekosea, na mpango mzima hukataliwa kijijini kwa kosa moja hilo. Onyesha picha kwanza. Kwa magego ya nyuma wengi hukubali. Kwa meno ya mbele mzazi achague: jeusi lisilouma mpaka ling'oke kwa wakati wake kwenye miaka 6 au 7, au kuzibwa ikiwa mtoto anatulia. Weusi wenyewe unaweza kufunikwa kwa saruji baadaye.

#14 · KapuLaVyombo
Mnasahau vyombo. Kambi ya meno bila kutakasa vyombo inasambaza homa ya ini. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi.

Otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke, ya aina ya sufuria ya presha inakaa juu ya jiko la gesi na inaingia mashuani. Nyuzijoto 121, presha 15 (psi), dakika 20, na dakika zianze kuhesabiwa presha ikishafika, si tangu kuwasha moto. Kosa la kila siku ni kufunga vali mapema. Iache wazi mpaka mvuke utoke mfululizo dakika tano, hewa yote itoke, ndipo ufunge. Hewa ikibaki, saa ya presha itasoma sawa na ndani kuna joto pungufu. Usijaze kupita kiasi, koleo zilale zikiwa wazi. Maji yawe ya mvua kutoka jabia, yachujwe kwa kitambaa; ya kisima cha chumvi yanaacha gamba na kutia kutu. Utepe unaobadilika rangi unakuambia joto lilipita hapo tu, haukuhakikishii vijidudu vimekufa.

Na tarehe za kambi zisipangwe na mtu wa ofisini anayetazama kalenda ya ukutani. Siku za bamvua maji hukauka kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, na Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara, haupitiki kwa mashua yenye mzigo. Ukipanga Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, siku hizo, timu ilale hukohuko tangu jana yake.

#15 · MamaWiyoni
Gharama sasa. Tukifika hospitali tunaambiwa habari za SHA. Kipi ni kipi?

#16 · Langoni_Dawa
SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Sajili nyumba kwa *147# na uhakikishe watoto wameingizwa kama wategemezi; cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Usajili pekee unakufungulia huduma ya msingi ya zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na 3. Kiti cha meno mara nyingi kiko ngazi ya 4 kwenda juu, kama hospitali ya King Fahd hapa Amu, na huko wanaangalia kama michango imelipwa. Mchango ni 2.75% ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Kabla mtoto hajakaa kitini uliza dirishani mambo matatu: kung'oa kunalipiwa na SHA au mfukoni, kuziba je, na picha ya eksirei je. Usiulize tu "meno yanalipiwa?", maana jibu litakuwa ndiyo na bili ikaja. Asiyeweza kulipa amwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya matibabu, kuna utaratibu wa kupunguziwa. Mnaotoka kijiji kimoja mkiwa na watoto wanne au watano, pigeni simu kwanza mjue daktari yupo na ganzi ipo, kisha mje mashua moja.

Na mtu anayezunguka na koleo mitaani, angalieni jina lake kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, mtandaoni. Madaktari wa meno na maafisa wa afya ya kinywa wote wanasajiliwa huko.

#17 · Mwl_Kizingitini
Jino likitoka lote kwa kuanguka gatini au kwa teke la punda?

#18 · MenoAmu
Kama ni la utotoni, usilirudishe, utaumiza la chini yake. Kama ni la kudumu, yaani mtoto ana miaka 7 na zaidi na jino ni kubwa lenye mzizi mrefu, shika sehemu nyeupe ya juu, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi, usilisugue, lirudishe tunduni likitazama upande wake, mtoto aume kitambaa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na kutoka Kizingitini mpaka kiti cha meno nusu saa haitoshi, kwa hiyo lirudisheni papo hapo. Mkishindwa, liwekwe kwenye maziwa baridi koponi. Lisilowekwe kwenye maji ya bahari wala ya bomba, yanaua nyuzi za mzizi. Kipande kilichovunjika nacho mje nacho, kinagundishika.

#19 · Mpeketoni_Mzazi
Mtoto wangu alizaliwa Nakuru, meno ya mbele yana madoa ya kahawia. Hapa wanasema yameoza. Niache dawa yenye floraidi?

#20 · MenoAmu
Pitisha ukucha, bwana. Kama haliparuzi na ni gumu bila shimo, na doa liko sawasawa kwa meno ya pande zote mbili, hiyo ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa wakati jino likiumbwa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Si kuoza, na halitazidi kwa kuwa jino limeshaumbika. Dawa ya meno usiache: punje ya mbaazi, ateme. Kama unachimba kisima kipya kwa ajili ya nyumba yenye watoto wadogo, chupa moja ya maji ipelekwe maabara ipimwe chumvi na floraidi kwa pamoja.

#21 · MamaWiyoni
Na mswaki wa mtoto wa mwaka mmoja uwe wa namna gani, maana dukani naona mikubwa tu?

#22 · Langoni_Dawa
Kichwa kisizidi upana wa meno yake mawili ya mbele, nywele laini, mpini mnene unaoshikika na wewe, kwa kuwa ni wewe utakayesugua. Nywele zikishapinda nje, hata kama ni mwezi wa pili, badilisha. Duka likikosa, waambie waagize: Mombasa iko kwa dazeni.